Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za muziki: wapeni wanafunzi sauti ya kwenda nayo nyumbani

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, Rasi wa Ndaki, Amidi na Wakuu wa Idara zinazofundisha muziki Tanzania, na wenzenu wa Kenya na Uganda.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mtihani wangu wa kwanza wa kusikiliza, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya muziki, ulifanyika kwenye ukumbi wenye feni sita na spika moja. Kila kipande kilipigwa mara tatu. Mara ya kwanza unatafuta mapigo, mara ya pili unafuata besi, mara ya tatu unaandika. Nilikaa safu ya nyuma, na kule nyuma besi ilikuwa inamezwa na feni. Nilipata alama za kuvukia tu. Dada aliyekaa pembeni yangu, aliyelelewa na kwaya ya kanisa kijijini kwao, mtu aliyesoma solfa kama wengine wanavyosoma gazeti, hakuvuka. Aliirudia kozi ile mwaka uliofuata, kwa ada nyingine ambayo nyumbani kwao hawakuwa wameipangia.

Chuo sitakitaja, kwa kuwa jambo lenyewe si la chuo kimoja. Sasa nafundisha muziki hapa Dodoma na kuongoza kwaya mbili, na kila likizo wananijia vijana wanaosoma muziki katika vyuo mbalimbali, wakiomba niwanoe masikio. Nikiwauliza muhula huu mmesikiliza nini, wananitolea makaratasi: majina ya mitindo, miaka, picha za ala. Muziki wenyewe waliusikia darasani mara moja au mbili, kwenye spika ya kompyuta ya mhadhiri, halafu ukaondoka na mhadhiri.

Hakuna idara ya fasihi inayomfundisha mwanafunzi riwaya kwa kumwinulia kitabu mbele ya darasa dakika tano kisha kukifungia kabatini. Sisi kwa upande wa sauti ndivyo tunavyofanya, na tumezoea.

Ombi langu ni hili. Kila kozi ya muziki iwe na mfululizo wake wa vipindi vya sauti, podikasti kama vijana wanavyoziita, ambavyo mwanafunzi anavipakua mara moja, anavibeba kwenye simu na kuvirudia kwenye daladala, jikoni, kitandani, mara arobaini akitaka. Na kazi hiyo iwe ya idara, yenye saa zake kwenye ratiba na fungu lake kwenye bajeti. Isiachwe kuwa hisani ya mhadhiri mmoja mwenye moyo.

Nasema hisani kwa sababu hisani hiyo ndiyo iliyonivusha mimi. Muhula wa pili tulipata mwalimu, mzee wa makamo, ambaye kila Ijumaa jioni alijifungia ofisini kwake, akaweka simu juu ya daftari na kujirekodi kwa dakika kama ishirini. Jumatatu alimrushia faili kiongozi wa darasa kwa bluetooth, na hadi saa sita mchana lilikuwa limeshafika kwenye simu zetu zote. Hakuwa na studio. Alikuwa na kinanda kidogo, sauti yake, na wakati mwingine ala aliyoiazima stoo.

Alivyovipanga vipindi vile ndiko kulikotufundisha, na naomba mniruhusu nikae hapa kidogo. Hakuhutubia. Alipiga sauti mbili kwenye kinanda, akanyamaza. Ukimya wa kama sekunde sita. Katika ukimya ule wewe unaimba: doh, fah. Kisha yeye anaimba jibu, na unajua papo hapo kama umepatia. Halafu jozi nyingine, na nyingine. Baada ya wiki tatu alianza kuficha jozi hizo ndani ya wimbo, akiimba kipande na kukata katikati ili umalizie. Ni mwito na kiitikio, jambo ambalo kila mtu aliyekulia kwenye ngoma, kwaya au jando analijua tangu utotoni. Tofauti ni kwamba mwitaji alikuwa mfukoni, wala hakuchoka kuita. Mimi nilikuwa naitikia kwenye daladala kwa sauti ya chini hadi abiria wa jirani wananitazama. Mwisho wa muhula nikapata alama ambazo sikuwa nimewahi kuziota, na si mimi peke yangu.

Sikio la mwanamuziki hujengwa hivyo, kwa kurudia na kusahihishwa papo hapo. Wapiga gita wa bendi zetu walilijua hilo kabla ya shahada yoyote. Waulizeni waliojifunza gita la solo kwa santuri: walikuwa wakichukua sahani ya mizunguko 45 kwa dakika na kuiendesha kwa 33 ili vidole viwahi. Mwendo ulipungua, lakini na sauti nayo ilishuka, doh ikaangukia soh ya chini na kupitiliza kidogo, hivyo ilibidi kulegeza nyuzi au kuhamisha kila kitu kichwani. Siku hizi programu ya Audacity, ambayo ni ya bure na ipo tangu mwaka 2000, inapunguza mwendo nusu nzima bila kugusa ufunguo. Kijana anayetaka kuandika nota za gita la solo kwenye wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 ana nyenzo ambayo wazee wale hawakuipata. Anachokosa ni wimbo wenyewe, uliochaguliwa na mwalimu, ukiwa na maelezo ya nini cha kusikiliza.

Kuna mambo mengine ambayo karatasi haiwezi kabisa kuyasema. Nipo Dodoma, basi nichukue la hapa. Wataalamu wa muziki wamekwishaeleza kwamba uimbaji wa Wagogo na upangaji wa ala zao unafuata mfululizo wa sauti za asili, zile zinazotoka kwenye uzi mmoja ukigawanyika mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya ile ya kinanda kwa takriban senti 31; senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti, na nusu-toni nzima ni senti 100. Unaweza kuandika hayo ubaoni na mwanafunzi akayanakili vizuri. Akija Chamwino siku ya tamasha la muziki wa Wagogo, akasikia akina mama wakiimba na kupiga ngoma za muheme, ataandika kwenye daftari lake kwamba wanaimba chini ya ufunguo. Nimewaona wa namna hiyo, na lawama si yao. Masikio yao yamekaa miaka mitatu na kinanda kilichopangwa kwa nusu-toni zilizo sawa, na hakuna aliyewapa nafasi ya kusikiliza ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na kinanda ubavu kwa ubavu, sauti moja kwa sauti moja, hadi tofauti hiyo ndogo iache kuwa kosa na iwe ladha.

Ndivyo ilivyo pia kwa taarabu. Katika Rast, moja ya maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, sauti ya tatu haikai kwenye mi ya kinanda wala kwenye ile iliyoshushwa nusu, iko katikati yake. Mwanafunzi wa Bara aliyezoea solfa ya kwaya hawezi kuipata kwa kuelezwa. Aliyepita Dhow Countries Music Academy pale Mji Mkongwe anaipata kwa kuwa amekaa na wapiga udi na kanuni, ala za nyuzi za taarabu. Wengine wote wangeipata, angalau kwa masikio, kama mpiga udi mmoja angekaa na mhadhiri kwa saa moja mbele ya kinasa sauti, akapanda na kushuka Rast polepole, akiacha ukimya wa kuitikia.

Najua swali la kwanza litakuwa gharama. Kipindi cha dakika 15, kikihifadhiwa kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, mkondo mmoja, kina ukubwa wa megabaiti 7 hivi. Kwa mazoezi ya sikio kinatosha. Muhula wa wiki 15 unakuwa megabaiti 108, na kozi tatu hazifiki megabaiti 330. Hiyo inaingia kwenye kadi ndogo ya simu na kuacha nafasi ya picha za mtu za miaka. Mwanafunzi asiye na bando anakuja idarani siku ya kwanza ya muhula, anaunganisha simu, anaondoka na kozi nzima mfukoni. Kwa nyimbo zinazohitaji usikivu zaidi, kilobiti 128 ni kama megabaiti moja kwa dakika, bado si mzigo.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani kiliwagawia wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, zaidi ya 1,600, kifaa cha iPod kila mmoja. Sisi hatuhitaji kuanza na ununuzi wa namna hiyo, kwani wengi wa vijana wetu wanakuja na simu zao. Kinachohitaji fedha ni hedfoni. Uzi wa chini kabisa wa gita la besi unatetema mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haina uwezo wa kuitoa sauti hiyo. Anachosikia mwanafunzi ni sauti za juu zinazoambatana na besi, ubongo ukimkisia nyingine. Halafu tunamtahini besi. Idara ikinunua hedfoni nzuri 20 na kuziazimisha kama maktaba inavyoazimisha vitabu, tutakuwa tumetenda haki kubwa kwa bei ya kinanda kimoja cha wastani au pungufu. Na mtihani wenyewe ungeweza kufanywa kwa hedfoni hizohizo, kwa zamu, ili aliyekaa nyuma na aliyekaa mbele wasikie kitu kimoja.

Kuna kijana mmoja asiyeona ambaye nimemfundisha kwa muda. Yeye anasikia mwendo wa besi kabla sijamaliza kuupiga. Chuoni alikuwa akipewa nakala zilezile za karatasi walizopewa wenzake, akisubiri mtu wa kumsomea. Kwake vipindi vya sauti ndiyo kozi yenyewe, kila siku, na sioni kwa nini jambo hilo lingoje kamati.

Wengine watasema hizi ni mbinu za nje, zimekuja na simu. Nchi hii imefundisha watu kwa sauti kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio pamoja na vijitabu na vikundi vya kusikiliza, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika kikao baada ya redio kuzimwa: watu walijadili walichokisikia, wakaamua, wakaenda kuchimba vyoo. Naitaja kwa sababu wahadhiri wengi niliozungumza nao wanaogopa kwamba mwanafunzi akipewa rekodi hatakuja darasani. Akirekodiwa mhadhara mzima wa saa mbili, kweli, ataacha kuja, na hata hiyo rekodi hataisikiliza. Ndiyo maana siombi mihadhara irekodiwe. Naomba vipindi vifupi vya mazoezi na usikilizaji, ambavyo darasa litavifanyia kazi. Mwalimu wetu wa Ijumaa alianza kila somo la Jumatano kwa kuchagua mtu wa kuimba zoezi la wiki. Hakuna aliyekosa darasa lile, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Sasa niseme la hazina. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa ikirekodi bendi zetu, vikundi vya taarabu, kwaya na ngoma za mikoani, na kanda hizo zilirithiwa na TBC, shirika la utangazaji la taifa. Makerere wanayo hifadhi yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyerekodi muziki wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, na nakala za rekodi zake zimerudishwa pale nyumbani kutoka Uingereza. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika, Kenya na Uganda na kinasa sauti chake, na kazi yake iko kwenye maktaba ya muziki wa Afrika iitwayo ILAM, Afrika Kusini, aliyoianzisha mwaka 1954. Kwa hiyo sauti za mababu wa wanafunzi wenu zipo, zimewekwa namba, zina tarehe na mahali. Mwanafunzi mmoja mmoja akiandika barua ya kuomba kipande cha dakika tatu, atangoja. Idara tatu au nne zikiandika kwa pamoja, kwa mihuri yenu, zikiomba makubaliano ya matumizi ya kufundishia, nina imani milango itafunguka. Hapo ndipo cheo chenu kinaweza kufanya jambo ambalo moyo wa mhadhiri hauwezi.

Haki za wasanii zisirukwe. Mpiga zeze anayeitwa chuoni kutoka kijijini kwa siku moja hulipwa nauli na posho ya siku moja. Akirekodiwa, na rekodi ikatumika miaka kumi, alipwe kwa hilo pia, aelezwe kwa lugha anayoielewa rekodi itatumika wapi, na jina lake litamkwe mwanzoni mwa kipindi. COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, wapo kwa ajili ya kusaidia mikataba ya namna hii. Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alifundisha vijana wengi pale Bagamoyo kwa kukaa nao chini, ilimba mkononi. Walimu wa namna yake bado wapo vijijini hapa Dodoma, wengine macho yameanza kufifia, na kila muhula unaopita bila kinasa sauti mbele yao unanipa uchungu ambao siwezi kuuficha kwenye barua hii.

Na kuhifadhi. Mwalimu wetu alipostaafu, aliacha nakala za vipindi vyake vyote kwenye kompyuta ya idara. Miezi michache baadaye kompyuta ile ilisafishwa ili ipelekwe ofisi nyingine, na hakuna aliyeuliza ndani yake kuna nini. Simu zetu wanafunzi nazo zilikufa moja baada ya nyingine, nyingine zikaibwa, nyingine zikafutwa ili zipate nafasi. Kazi ya miaka minne ya Ijumaa jioni ilipotea hivyo. Waliokuja nyuma yetu walirudi kwenye feni sita na spika moja. Kama idara ingekuwa imeweka nakala maktaba na nyingine kwenye seva ya chuo, na kuyapa mafaili majina yanayoeleweka, leo hii mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekuwa anaitikia sauti ya yule mzee.

Mnaweza kuanza na kozi moja tu, ya mazoezi ya sikio, muhula ujao. Mhadhiri apunguziwe saa mbili za kufundisha kwa wiki ili azitumie kurekodi, na saa hizo zihesabiwe kwenye mzigo wake wa kazi wakati wa kupandishwa daraja, kama inavyohesabiwa makala. Chumba chenye mapazia mazito na mlango unaofunga vizuri kinatosha. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kukata na kusafisha rekodi kama sehemu ya mafunzo yao ya vitendo, na watatoka wakiwa na ujuzi ambao redio na studio zinauhitaji.

Mafaili ya yule mwalimu yalikuwa zaidi ya hamsini. Mimi nimebakiwa na moja, la tisa, dakika 19. Ndani yake anapiga ilimba sauti moja, anapiga kinanda, anarudia, anauliza mmeisikia? Halafu mvua inaanza juu ya bati. Anasema tungoje ipungue, na hazimi simu, kwa hiyo kwa dakika mbili nzima unasikia mvua na yeye anapapasa ilimba taratibu, bila somo lolote. Kisha anaendelea. Nimeliweka kwenye flashi, nikalipa jina na mwaka. Mwalimu mwenyewe nimemwomba ruhusa, amekubali, na amesema kinanda chake bado kinafanya kazi. Idara itakayotenga rafu ya sauti, niambieni, nitalileta mwenyewe.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa muziki, Dodoma